Nyanya Aliyetaka Kujisomea

Priscilla Sitienei wa kijiji cha Ndalat, kaunti ya Nandi, alivaa sare ya shule, akashika daftari na kuketi darasani na watoto wa miaka 10 hadi 14. Baadhi ya watoto hao aliwapokea kwa mikono yake siku walipozaliwa, maana alikuwa mkunga kwa miaka 65. Wengine walikuwa vilembwe wake. Wote walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin.

Habari zake zilipoenea mwanzoni mwa 2015, ilisemekana ana miaka 90. Alipofariki Novemba 2021, ilitangazwa kwamba alikuwa na miaka 99. Hesabu hizo mbili hazikubaliani, na kutokubaliana kwake kunaeleza mengi: alizaliwa wakati ambao mtoto wa kike wa kijijini hakuandikwa popote, wala kwenye cheti wala kwenye rejista ya shule. Mtu aliyewakaribisha duniani watoto wa vizazi kadhaa hakuwa na karatasi ya kuthibitisha siku aliyoingia yeye.

Mara ya kwanza alipoomba nafasi shuleni alikataliwa. Baadaye walimu waliona kwamba hatanii, wakamkubali, naye akalala bwenini kama wanafunzi wengine. Kila alipoulizwa anatafuta nini pale, alijibu kwamba anataka kusoma Biblia.

Wengi walilipokea jibu hilo kwa tabasamu na kupita. Lakini ndani yake mna swali zito. Neno la Mungu alikuwa akilisikia bila ya kujua herufi hata moja, na usiku mwingi alikuwa ameinuka kwenda kumsaidia mama mwenye uchungu. Mkristo kama huyo alipungukiwa na nini? Je, imani ya asiyejua kusoma ina pengo ambalo herufi pekee ndizo zinazoliziba?

Ukiwauliza wakuu wa dini, wengi watasema hapana, na wana hoja. Paulo alipowaandikia Warumi, aliiweka njia ya imani sikioni. Kabla ya mitambo ya uchapaji kuenea Ulaya katika karne ya 15, Wakristo wengi waliishi na kufa bila ya kuwahi kumiliki Biblia. Kwa Waislamu hoja ina nguvu zaidi: Mtume mwenyewe hakusoma wala kuandika, na Kurani ilihifadhiwa vifuani mwa watu kabla ya kukusanywa katika msahafu. Hata hivyo, neno la kwanza aliloteremshiwa lilikuwa amri ya kusoma. Dini hizi mbili humheshimu msikilizaji, kisha humsogeza kwenye maandishi.

Gogo hakuwa wa kwanza kuusikia msukumo huo. Mwaka 2004, baada ya Kenya kufuta karo ya shule za msingi, Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Mpiganaji huyo wa zamani wa Mau Mau pia alitaka kujisomea Biblia, kwa sababu alikuwa na shaka kama wahubiri walikuwa wakiifuata kweli. Hapo jibu linaanza kuonekana. Asiyejua kusoma anaweza kuwa na imani kamili, ila kila siku huipokea kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Aliyelijua jambo hilo vizuri ni mwanamke mwingine wa rika lile lile, Mama Sarah Obama wa Kogelo, kaunti ya Siaya. Alizaliwa 1922, akafariki Machi 29, 2021. Alikuwa Mwislamu, mke wa Hussein Onyango Obama, na ndiye aliyemlea baba yake Barack Obama, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Dunia ilimjua kwa sababu ya mjukuu huyo, lakini watoto wa Kogelo walimjua kwa sababu nyingine: alilea mayatima kwa miongo mingi, wengine nyumbani kwake, na wakfu wake uliwapatia chakula, sare na karo.

Mama Sarah alisimulia kwamba katika utu uzima wake barua zilimfikia, naye asiweze kuzisoma. Ni vigumu kwa aliyesoma kuelewa unyonge huo: kuishika habari yako mwenyewe mkononi, kisha kwenda kumtafuta mtu wa kukuambia inasema nini. Aliapa watoto wake wasiupitie. Alimpakia baba yake Barack, aliyekuwa bado mtoto, nyuma ya baiskeli na kumpeleka shuleni Ngiya, kilomita zipatazo 9 kutoka Kogelo, kila siku.

Katika mazishi mengi nchini Kenya husikika sifa moja ya akina nyanya: hakusoma, lakini alikuwa na hekima, hakusoma, lakini alimjua Mungu. Husemwa kwa mapenzi, na ni kweli. Ila hilo "lakini" linatupumzisha mapema mno. Linageuza dhuluma waliyotendewa wasichana wa miaka ya 1920 na 1930 kuwa pambo la utakatifu wao, kana kwamba kunyimwa shule ndiko kulikowafanya wanyenyekevu. Gogo na Mama Sarah waliikataa faraja hiyo. Hawakuona kwamba unyoofu wa imani yao ungeharibiwa na kitabu; mmoja alikifuata kitabu hadi dawatini, mwingine alikanyaga pedali ili mtoto asikikose.

Wala hawakungoja kusoma ndipo watumikie. Mayatima wa Kogelo walikula kwa mkono wa mwanamke ambaye hakuwahi kupata elimu aliyowapigania wengine. Akiwa mwanafunzi, Gogo aliwasimulia wenzake mila za Wanandi chini ya miti, na aliwauliza watoto aliowakuta wakizurura kwa nini hawako shuleni. Wakimwambia umri umewapita, aliwajibu kwamba hata yeye yuko darasani. Alitamani pia kuacha katika maandishi ujuzi wake wa ukunga na mitishamba, usizikwe naye.

Mama Sarah alizikwa Kogelo siku iliyofuata kifo chake, kwa taratibu za Kiislamu, kando ya kaburi la mumewe. Miezi minane hivi baadaye kifua kilimsumbua Gogo, akakosa masomo, akafia nyumbani kwake Ndalat akiwa bado mwanafunzi. Wajawazito hawakuwa wameacha kumfuata alipoanza shule. Waliendelea kumjia kwa ushauri, na wengine kuzalishwa, naye akawapangia siku za Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa siku nyingine alikuwa na masomo.