Bei ya Gari la Kwanza

Msomaji, kijana afikapo umri wa miaka 18 sheria ya Kenya humruhusu kupewa leseni ya kuendesha gari. Hapo ndipo swali huzaliwa nyumbani: tumnunulie gari gani, nasi mali yetu ni haba? Wengi hulidhania swali hili kuwa la hesabu tu. Mimi naona kuwa ni swali la haki pia.

Chukua mfano wa Rhamu, mji ulio karibu na mto Daua, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Mzee wa huko anaponunua ngamia wa mizigo, hamtazami rangi. Humfunua kinywa apate kujua umri wake kwa meno. Humkagua nyayo. Humlaza na kumwinua aone kama ni mtiifu au mkaidi. Ajabu ni kwamba mzee yuyo huyo, auzapo ngamia wake ili mwanawe apate gari, pengine huisahau hekima yake yote, akavutwa na rangi ing'aayo na bei ndogo.

Gari nalo lina meno, nyayo na utii. Meno yake ni mwaka lilioundwa na mwendo liliokwisha kwenda. Nyayo zake ni tairi. Utii wake ni breki. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa huhitaji kusimama kwa masafa ya breki yapatayo mara nne ya yale ya gari liendalo kilomita 40, wala si mara mbili kama tudhaniavyo. Kijana asiyejua jambo hili, juu ya tairi zilizolika, ni hatari kwa kila apitaye njiani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Wapo watakaosema kuwa maskini hana uchaguzi, na kwamba mchagua nazi hupata koroma. Maneno haya yana uzito, kwa kuwa umaskini si kosa. Lakini kubana matumizi kuna namna mbili. Namna ya kwanza hupunguza fahari: mtu hununua gari dogo, lisilo na umbo la kusifiwa, kama Toyota Probox, ambalo mafundi wengi hulijua na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Hili ni jambo kubwa kwa mji ulio mbali na Nairobi kwa kilomita zipatazo 1,000. Namna ya pili hupunguza usalama: breki huachwa mbovu, na mkanda wa kiti uliokatika haubadilishwi.

Namna ya kwanza humgharimu mnunuzi mwenyewe, naye hulipa kwa hiari yake. Namna ya pili hulipwa na mtu asiyekuwapo wakati wa mapatano: mtoto aendaye shule, au mchungaji avushaye mbuzi wake barabara. Hakuulizwa, wala hakukubali. Ndiyo sababu sheria huagiza kila gari liwe na bima ya kumfidia mtu mwingine aumizwaye. Hata hivyo bima hulipa fedha. Mguu uliokatika haiurudishi.

Basi ikiwa fedha zatosha gari lakini hazitoshi breki, tairi na bima, fedha hizo hazijatosha gari. Lililo jema ni kungoja. Najua kungoja ni kuchungu kwa kijana ambaye wenzake wamekwisha kupata. Mchungaji mdogo naye hutamani ngamia, lakini huanza kwa mbuzi, wala hakuna amchekaye.

Msomaji, siku moja utasimama mbele ya gari zuri la bei nafuu, na fundi mwaminifu atakunong'oneza kuwa breki zake hazifai. Ukiweza kugeuka na kwenda zako kwa miguu, utakuwa umejifunza udereva kabla ya kushika usukani.