Heshima Haidaiwi?

Katika ofisi moja hapa Kibaha, mzee aliyetoka Kisarawe kufuatilia mafao yake alikunjua leso mezani na kutoa nishani aliyovishwa baada ya Vita vya Kagera. Karani, kijana wa rika la wajukuu zake, hakuigusa. "Mzee wangu, heshima haidaiwi," akasema, akaita anayefuata.

Heshima ni thamani ambayo watu hukiri kwamba mwenzao anayo. Tafsiri hiyo yatosha. Kinachonikera ni kauli ya karani, kwa kuwa imevaa kanzu ya busara. Sijawahi kumsikia mdai akiitamka. Huitamka mdaiwa tu. Na ukiikubali, heshima inageuka sadaka: mtoaji atoe akipenda, akinyimwa mtu anyamaze. Lakini askari anayepoteza mguu vitani hakuutoa kama sadaka. Aliahidiwa, akaenda. Anayemkumbusha mwenzie ahadi ameomba nini kipya?

Mtazame Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Aliingizwa jeshi la Wajerumani angali mtoto, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na ya baba yake, naye askari. Akajibiwa kwamba amechelewa. Mwaka 1934 akaomba beji ya waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa. Akainunua, akaivaa! Wapo watakaomcheka kwa hilo. Mimi naona alijilipa mwenyewe deni lililokataliwa. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu, akatumikia wateja mezani, akaigiza filamu; mwaka 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen Novemba 1944.

Wakubwa hawachoki kuheshimu kwa jumla. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyosimikwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ina bunduki, singe, maandishi ya Kiswahili na Kiingereza. Jina la askari hata mmoja halimo. Huwa nasimama pale nikiikodolea macho hadi wamachinga wanadhani nimepotea. Shaba haidai malimbikizo, ndiyo maana inapendwa.

Kwamba Husen alimtumikia mkoloni ni hoja ya haki, na siikwepi. Jeshi lile ndilo lililozima Majimaji, na Kibasila wa Kisangire, kule kwetu Kisarawe, alinyongwa na utawala huohuo. Ningekuwa karani wa Berlin, mshahara ningeulipa siku hiyohiyo. Beji sijui. Wazee wa Kisangire wangeniuliza naitoa kwa niaba ya nani.