Kikombe na Mfereji



Mwaka 2011 njia iendayo Samunge, huko Loliondo wilayani Ngorongoro, ilijaa maelfu ya watu. Walimwendea Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye sasa ni marehemu, ili wanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Aliyekwisha kunywa alirudi kwao. Hakutakiwa kuzijua desturi za kijiji.

Lakini wenyeji wa Samunge, yaani Wabatemi, waitwao pia Wasonjo, tangu kale hunywesha mashamba yao kwa mifereji, na wazee ndio wagawao maji kwa zamu. Atakaye kuvuna hapo hawezi kunywa na kuondoka. Sharti aijue zamu yake na kuiheshimu ya mwenziwe.

Je, wewe uliyeingia katika dini jana, au ungali wachunguza, watafuta kikombe au mfereji? Wengi huijia dini ili wapate haja zao, kisha waende zao. Lakini jumuiya ya waumini ni mfereji: hujifunzwa kwa kukaa na watu.

Labda utasema: "Naogopa kukosea mbele yao." Basi sikiliza habari za Muawiya bin Hakam r.a. Alikuwa mgeni katika Uislamu. Siku moja akisali nyuma ya Mtukufu Mtume s.a.w., mtu mmoja akapiga chafya, naye Muawiya akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho, wakapiga mapaja yao ili anyamaze. Sala ilipokwisha, Mtume s.a.w. hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba katika sala hapafai mazungumzo ya watu, bali kumtukuza Mungu na kusoma Kurani. Ndipo Muawiya akapata moyo wa kuuliza mambo mengine yaliyomtatiza.

Fikiri, ndugu yangu. Kama angalibaki nyumbani kwa kuogopa aibu, asingalikosea. Lakini pia asingalijifunza. Basi ingia safuni, tazama wafanyavyo wenzio, uliza usilolijua, na ukisahihishwa usikasirike.

Nasi tuliotangulia tujihadhari. Kosa la mgeni hurekebishwa kwa maneno machache ya upole. Lakini jicho letu kali laweza kumrudisha alikotoka, nasi tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awape wageni ushujaa wa kujifunza, na wenyeji upole wa kufundisha. Amin.