Manfaa ya Pedi ni ya Nani?

Ukinunua kitu ukakilipia chote, je, manfaa yaliyomo ndani yake ni yako yote? Wanafiqhi walilijadili swali hili kwa wanyama na mashamba. Mimi limenikuta hapa Tanga, kwenye meza yangu ya ufundi wa kompyuta, kwa sababu ya pedi ya DualSense ambayo mpwa wangu aliinunua aitumie kwenye laptop.

Sony waliitoa pedi hii mwaka 2020 pamoja na PlayStation 5. Nyuma ya vitufe vya L2 na R2 mna mota ndogo zenye gia zinazokikinza kidole: ukivuta upinde kwenye gemu, kitufe kinakuwa kizito kweli, na mshale ukitoka kinalegea ghafla. Dukani mpwa wangu aliambiwa inafanya kazi kwenye kompyuta. Akaiunganisha kwa Bluetooth, vitufe vyote vikaitika, ila R2 ilibonyea laini tu.

"Mjomba, hii feki?"

Haikuwa feki. Gemu nyingi za Windows zimezoea XInput, utaratibu wa Microsoft uliokuja na Xbox 360, na kwa habari ya mtetemo XInput inajua mota mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Ukinzani wa vitufe hauna nafasi humo. Nikachomeka waya wa USB, nikaizima Steam Input, mkalimani wa pedi aliyemo ndani ya Steam, ili isiisemee pedi, nikafungua Metro Exodus Enhanced Edition, gemu inayoijua DualSense. R2 ikakaza. Kwa waya, kompyuta huiona pedi pia kama kifaa cha sauti chenye chaneli 4, na ya 3 na ya 4 ndizo zinazopeleka mtetemo viganjani. Alhamdulillahi kwa akili aliyojaaliwa binadamu.

Sasa turudi kwenye swali. Fiqhi hutenganisha kitu chenyewe na manfaa yake. Sahaba Jabir bin Abdillahi alimuuzia Mtume (s.a.w.) ngamia wakiwa safarini, akashurutisha aendelee kumpanda mpaka Madina, kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Mahanbali wakakishika: muuzaji anaweza kujibakishia manfaa, mradi yajulikane. Sisi Mashafii wa pwani hatuendi huko. Lakini hata nikiwakubalia Mahanbali hoja yao yote, sharti la Jabir lilitamkwa, na lilikuwa na mwisho. Juu ya pedi ya mpwa wangu hapakutamkwa sharti lolote.

Mtu atasema mtengenezaji hakuahidi kompyuta. Kweli, na simdai anitengenezee. Mwaka 2021 Sony wenyewe waliipa Linux 5.12 draiva iliyofungua sehemu ya kugusa na vihisi vya mwendo. Ukinzani wa L2 na R2 haikuuleta. Hawawiwi nami. Ila vijana wanaochambua ujumbe unaopita kwenye waya mpaka wakajua baiti zipi zinaikaza R2, hao hawaibi. Wanatoa manfaa yaliyokwisha kulipiwa. Anayeutumia ujuzi huo kuwaibia wenzake ushindi mtandaoni amegusa haki ya mwingine, na hukumu yake ni nyingine.

Ninyi mnaouza, mwambieni mnunuzi kabla hajatoa pesa: ili aupate ukinzani wa L2 na R2 kwenye kompyuta, kwa kawaida atahitaji waya, na gemu inayoijua pedi hiyo. Kumwambia tu kwamba inafanya kazi hakutoshi.