Mtumwa na Aliyemtuma: Swali la Maadili katika Uorodheshaji wa Nyaraka

Orodha ya maktaba ya nyaraka huchukuliwa na wengi kuwa chombo tu: mtafiti huipitia upesi ili aifikie matini yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba orodha nayo ni matini, na kwamba anayeitunga ana dhima ya kimaadili sawa na ya msimulizi yeyote. Swali letu ni hili: je, inapasa orodha ikiri uhusiano wa waraka na utumwa hata pale ambapo waraka wenyewe haukukusudia kuueleza?

Tuanze na neno. 'Mtumwa' ni nomino iliyotokana na kauli ya kutendwa: ni yule aliyetumwa. Aliyemtuma hatajwi. Sarufi hiyo ndiyo sarufi ya orodha nyingi, ambamo watumwa huonekana kama kwamba walikuwapo tu, bila ya mtu kuwamiliki wala kufaidika.

Mathalani, Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umejadiliwa sana kama wosia wa mama kwa bintiye kuhusu dini na ndoa. Lakini wosia huo unamwonya pia binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Orodha inayoueleza utendi huu kwa 'dini', 'ndoa' na 'wosia' pekee haisemi uongo. Inachofanya ni kurudia umbali uleule ambao mama alimfunza bintiye.

Hali ya nyaraka za mahakama ni nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1907 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya iliwaruhusu wamiliki kudai fidia. Waliomilikiwa hawakuwekewa haki kama hiyo. Kwa hiyo, aliyemilikiwa huingia katika kumbukumbu kupitia madai ya mwenye kulipwa. Mwenye kuorodhesha waraka kwa jina la mdai tu, huku akidhani kwamba haegemei upande wowote, tayari ameuchagua upande.

Ipo hoja pinzani ambayo haifai kupuuzwa. Waswahili husema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Taasisi ya Uingereza inapokiri kwamba mfadhili wake alitajirika kwa utumwa, aibu humwangukia mfadhili. Katika pwani yetu, aibu imezoea kumwangukia mjukuu wa aliyetumwa: kutajiwa asili ya utumwa bado ni tusi, na nasaba bado huulizwa panapohusika ndoa. Je, ukweli wa mhifadhi haugeuki kuwa fimbo mkononi mwa jirani?

Tunaikubali hofu hii, lakini si hitimisho lake. Kimya hakijaiondoa aibu hiyo. Kimeiacha mahali isipostahili, kikamkinga pia aliyemiliki. Kinachohitajika ni kutenganisha mambo mawili: kukiri uhusiano wa waraka, na kutangaza nasaba ya watu walio hai. La kwanza ni wajibu. La pili si mamlaka ya mhifadhi.

Basi maelezo na yamtaje mtenda: nani alimiliki, nani alilipwa. Yasiyeyushe 'mzalia', 'suria' na 'mjakazi' katika neno moja, kwani kila moja lilibeba hali yake. Maelezo ya zamani yasifutwe, bali yawekewe tarehe kando ya mapya, ili kosa nalo lisomeke. Majina ya waliomilikiwa yahifadhiwe kwa ukamilifu, afunguliwe kwanza anayewatafuta wazee wake, hata kama mtafiti atalazimika kusubiri.

Hata hivyo, kukiri nako kunaweza kupotosha. Uhuru wa Watumwa (1934), cha James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, Mombasa, kinawasifu mno wakombozi wa Kiingereza. Orodha inayojipongeza kwa kukiri huingia mtego huohuo: aliyetumwa hubaki kuwa ushahidi wa wema wa mwingine. Kipimo cha maelezo mazuri si utulivu wa dhamiri ya mwandishi wake, bali ni kama mjukuu anaweza kuyasoma na kumkuta humo mtu.