Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini kwa Fedha ya Nani?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hii tunajifunza mapema katika somo la Kiswahili, na mara chache tunaihoji. Katika insha hii nataka kuihoji kwa mfano wa nyumba moja iliyoko Nyundo, wilaya ya Rubavu, karibu na mto Sebeya. Swali langu ni hili: mtu aliyefilisika, akabaki na nyumba iliyowekwa rehani ambayo hakuna anayeitaka, anaweza kujiondolea nyumba hiyo kwa njia gani bila kutenda dhuluma?

Nyumba ninayoizungumzia ni ya baba yangu mdogo. Alikuwa akinunua viazi na mboga na kuvusha mpakani kwenda kuuza Goma. Alichukua mkopo benki ili kupanua biashara, akaweka nyumba yake rehani. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Bidhaa ziliozea ghalani, wateja wa Goma wakapata wauzaji wengine, naye akauza pikipiki yake na kufunga ghala. Alikuwa bado anahangaika na marejesho ya kila mwezi wakati Sebeya ilipofurika usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023. Mvua ya usiku ule iliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Familia yake ilitoka salama. Maji yalifika usawa wa dirisha, ukuta wa jikoni ukaanguka.

Nchini Rwanda, mdaiwa akishindwa kulipa, benki inaweza kuomba ruhusa ya kuuza rehani kwa Msajili Mkuu katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, kisha mali hupigwa mnada. Nyumba ya baba mdogo ilitangazwa mara mbili na hakuna aliyetoa bei ya maana. Nani anunue nyumba yenye alama ya tope ukutani? Mwishowe alichukua funguo akazipeleka benki mwenyewe, akaziweka mezani. Ofisa wa mikopo alimrudishia kwa upole, akasema benki inakopesha fedha, haikusanyi nyumba. Kwa hiyo baba mdogo ana hati yenye jina lake, nyumba asiyoweza kulala ndani yake, na deni linaloendelea kukua.

Kiangazi kilichofuata alijitokeza mnunuzi kutoka mbali. Wakati wa kiangazi Sebeya ni mto mpole. Watoto wanauvuka kwa miguu. Ukuta ulikuwa umejengwa upya na kupakwa rangi. Fedha ya mnunuzi ingetosha kulipa benki, rehani ingeondolewa, na hati ingehamishwa kihalali kabisa. Jambo moja tu lilihitajika: kunyamaza.

Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, mzee tajiri aitwaye Cephalus anaeleza uadilifu kuwa ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anamwonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi: ukikopeshwa silaha na rafiki, naye akarukwa na akili, si haki kumrudishia. Mimi nilipokisoma kitabu hicho niliona tatizo jingine. Cephalus anataja mambo mawili kana kwamba daima hutembea pamoja. Kwa baba mdogo yalikuwa yametengana. Akisema kweli, hawezi kulipa. Akitaka kulipa, lazima afiche kweli. Je, lipi litangulie?

Kuna hoja nzito upande wa kulipa. Fedha ya benki si ya benki. Ni akiba ya walimu, ya wakulima, ya akina mama wa soko la Mahoko. Asiyelipa anawaumiza hao. Tena wapo watakaosema kwamba mnunuzi ni mtu mzima, na mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, hoja hizo hazinitoshelezi. Macho hayaoni mafuriko wakati wa kiangazi, hasa pale rangi mpya imepakwa makusudi juu ya alama ya tope. Kuhusu akiba za watu, tofauti ni hii: benki ilijua kwamba mkopo una hatari. Ilituma mtu wake kuithamini nyumba, ilitoza riba, na hatari hiyo imeigawa katika mikopo mingi. Mnunuzi hakukubali hatari yoyote. Angeleta fedha zake zote mahali pamoja, na watoto wake wangelala humo mwezi wa Mei. Hapo deni lisingekuwa limelipwa. Lingekuwa limehamishiwa kwa mtu asiyejua kwamba analibeba, na huenda angelilipa kwa uhai. Kwa hiyo naamini kweli hutangulia malipo, kwa sababu kusema kweli hakulifuti deni. Linabaki, na linaweza kulipwa polepole. Uongo wa aina hii haurekebishiki maji yakishafika.

Lakini tusimtwike mdaiwa peke yake mzigo wote wa maadili. Mkopeshaji naye ana wajibu. Haki ya kuchukua rehani ina maana gani ikiwa anaweza kuikataa siku rehani inapopoteza thamani, huku akiendelea kuishikilia kwenye hati? Baada ya mgogoro wa fedha wa 2008, katika miji ya Marekani kama Cleveland na Detroit, benki zilianza taratibu za kuchukua nyumba kisha zikaziacha njiani. Wenyewe walikuwa wameshahama, lakini majina yao yalibaki kwenye hati. Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu msimamizi wa mali za aliyefilisika kuikana mali ambayo ni mzigo mtupu, na inaweka muda ambao baada yake mtu anaweza kuanza maisha upya. Wazo lililomo ni la kibinadamu: mtu asifungwe milele na kitu ambacho hakuna anayekitaka.

Pendekezo langu ni la wastani. Mdaiwa aliyekabidhi funguo kwa uaminifu, bila kuficha mali nyingine, apewe jibu katika muda maalumu: benki iiuze nyumba kwa bei yoyote itakayopatikana, iichukue, au iachilie hati. Deni litakalobaki lipangwe kulingana na kipato chake.

Katika Kinyarwanda neno imyenda lina maana ya nguo na pia ya madeni. Nilikuwa nikidhani ni mchezo wa maneno tu. Sasa naona kwamba nyumba unaweza kuiacha mtoni, lakini nguo unaondoka nayo mwilini.

Baba mdogo alimpeleka mnunuzi nyuma ya nyumba, akamwonyesha kwa mkono maji yalipofikia. Yule bwana alishukuru, akaondoka, hakurudi. Baba mdogo leo anafanya kibarua cha kupakia mizigo, na kila mwezi anapeleka benki kiasi kidogo ambacho hakipunguzi hata riba. Shangazi zangu bado wanasema alikosea. Mimi nasema hakukosea, lakini nakiri kwamba si mimi ninayeilipa gharama ya jibu langu.