UMEPATANA NAYE, AU UMEFICHA BUNDUKI?

Kijana mwenzangu, hebu simama kidogo usome. Tarehe 22 Mei 1990 Yemen ya Kaskazini na Yemen ya Kusini ziliungana. Bendera moja! Rais mmoja! Lakini majeshi je? Hayakuunganishwa. Baadhi ya askari wa Kusini walipelekwa Kaskazini, na wa Kaskazini wakapelekwa Kusini, ila kila kikosi kilisikiliza wakubwa wake wa zamani. Kwa nini? Kila upande uliogopa: nikiweka bunduki chini mimi kwanza, nitamalizwa.

Matokeo yake? Aprili 1994, kule Amran, vikosi vya pande mbili vilivyokaa jirani vilipigana kwa vifaru. Vita vikawaka, mpaka Julai mji wa Aden, kule Kusini, ukatekwa.

Sasa wewe, rafiki. Ulipeana mkono na ndugu yako, mkacheka. Lakini moyoni umebakiza jeshi lako: lile neno la kumwumbua, ile siku unayoisubiri. Hiyo siyo amani, ni vita vilivyolala! Najua unaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini lazima mmoja aanze. Usimngoje yeye. Anza wewe, leo!